Vitu vya Mbali, Mkono wa Nyumbani

Akrijeli huja ndani ya tyubu, kama dawa ya meno. Ni uji mzito wa plastiki ambayo bado haijaganda. Fundi hukamua kipande cha ukubwa wa punje ya haragwe, hukiweka juu ya ukucha uliokwisha kusuguliwa, hukitandaza kwa brashi iliyoloweshwa spiriti mpaka kivuke ncha ya kidole juu ya karatasi ya kuongozea umbo, kisha vidole huingia chini ya taa ndogo yenye mwanga wa zambarau. Hazipiti dakika mbili, uji umekuwa mgumu kama pembe. Ukucha uliopasuka umeungwa, uliokuwa mfupi umerefuka. Kazi hii imeingia katika miji ya Katanga ya zamani, nchini Kongo, ikifuata nyayo za verni, yaani rangi ya kucha, na imefuatwa na hukumu yake: kwamba ni kitu cha kigeni, kwamba wasichana wa mji kama Kamina wanaiga wanayoyaona kwenye simu, kwamba bibi zao walijua kupendeza bila plastiki. Hukumu hiyo hutolewa kwa jina la historia, lakini historia yenyewe inasema jambo jingine. Katika nchi hii ya Baluba, tangu zama zisizo na maandishi, vitu vya urembo vilitoka mbali, na mkono uliovitengeneza ulikuwa wa hapa. Akrijeli haikuvunja desturi hiyo. Kilichovunjika ni kitu kingine, nacho ndicho kinachostahili wasiwasi wetu: fundi wa zamani alikijua kitu alichokishika, na fundi wa leo hakupewa nafasi ya kukijua.

Ushahidi wa kwanza umo ardhini. Mashariki ya Kamina, katika bonde la Upemba, kando ya ziwa Kisale, pana Sanga, mahali palipochimbuliwa na Jacques Nenquin na Jean Hiernaux mwaka 1957 na 1958, kisha na Pierre de Maret katika miaka ya 1970. Makaburi ya pale, ambayo ya zamani zaidi yana umri wa miaka elfu moja na zaidi, yalikuwa na vyungu, mashoka, mikufu na vikuku. Mapambo mengi yalikuwa ya shaba, na shaba haichimbwi Kisale: ilibebwa kutoka ukanda wa migodi ya kusini. Zimeonekana pia kauri chache, na kauri ni kitu cha Bahari ya Hindi, pwani iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Zilipita mikononi mwa watu wasiojuana, soko hadi soko, mpaka zikafika shingoni mwa mtu aliyekuwa hajaiona bahari. Hakuna anayesema kwamba watu wa Sanga waliwaiga watu wa pwani. Tunasema walikuwa na biashara, walikuwa na wafua shaba hodari, na walijua kugeuza kitu cha mbali kiwe cha kwao. Kipimo hicho hicho tunawanyima wajukuu wao.

Kucha hazidumu kaburini kama shaba. Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi mwili ulivyopambwa katika nchi hii hana budi kupitia kwa ndugu wa kucha, yaani nywele, maana hizo zilichongwa katika mti, na mti umetufikia. Baluba wa Shankadi, ambao Kamina iko katika nchi yao, walikuwa na mtindo ulioshuka kwa ngazi, tabaka juu ya tabaka, kama maji yanayoanguka mwambani. Mitindo mikubwa ya aina hii iliweza kuchukua hata saa 50 kukamilika. Saa 50 si jambo la kupita haraka. Ni siku kadhaa ambazo mtu mmoja ameketi, mwingine amesimama nyuma yake, mafuta na rangi zimetayarishwa, na mazungumzo yamekwenda yakarudi. Na kwa kuwa kazi ya siku kadhaa haiwezi kuachwa iharibike usiku mmoja, palikuwa na mto wa mti, kigogo kidogo kilichochongwa ili shingo ikae juu yake na nywele zining'inie bila kuguswa. Mito hiyo, mingine ikiwa na sanamu za wanawake wawili wenye nywele hizo hizo za ngazi, leo imo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Wanahistoria wa sanaa waliokaa na Baluba, Mary Nooter Roberts akiwa mmoja wao, wameeleza wazo linalobeba ufundi huu wote: kwamba mwanamke hazaliwi mrembo, hufanywa mrembo. Chale tumboni na mgongoni, nywele, mafuta ya kung'arisha ngozi, vyote vilikuwa kazi ya kuukamilisha mwili ambao kuzaliwa kumeuanza tu. Mwili uliokamilishwa hivyo ndio ulioweza kubeba mambo mazito, hata roho ya mfalme aliyekufa. Kwa hiyo anayedai kwamba bibi zetu walibaki na uzuri wao wa asili anawavua bibi hao ustadi wao. Hawakuuacha mwili kama ulivyokuwa. Waliufanyia kazi kwa saa, kwa siku, kwa maumivu, na walizirefusha nywele kupita pale ambapo zingefika zenyewe, kama vile leo ukucha unavyorefushwa kupita ncha ya kidole.

Nywele hizo zilichomekwa pini za chuma zenye umbo la fuawe. Hapa ningependa tukae kidogo. Fuawe ni chombo cha mhunzi, na uhunzi kwa Baluba uliambatana na ufalme wenyewe. Masimulizi ya asili ya dola yao yanamtaja Kalala Ilunga, aliyemshinda mtawala Nkongolo, na kumpa nafasi kubwa katika kuleta ufundi wa chuma. Kuchomeka fuawe ndogo kichwani kulikuwa kuungama kwamba urembo na uhunzi ni jamaa moja. Mhunzi alijua chuma chake. Alikijua kwa rangi: kinapokuwa chekundu, kinapokaribia njano, wakati wa kupiga na wakati wa kusubiri. Moto ukizidi au ukipungua, jicho lake lilimwambia. Msusi naye alijua mafuta yake yametoka kwa mchikichi gani, yakikauka yanafanyaje, kichwa kikiwasha sababu ni ipi. Hata pale shaba ilipotoka kusini na kauri zilipotoka baharini, kwa kuvishika kizazi baada ya kizazi tabia zao zilifahamika mkononi.

Misafara ya Waswahili ilizidisha wingi wa vitu vya mbali bila kubadilisha kanuni. Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyevuka Afrika kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Atlantiki kati ya 1873 na 1875, alifika mwaka 1874 katika mji wa Kasongo Kalombo, mfalme wa Baluba. Aliwaita Warua, kama walivyoitwa na wapagazi wa pwani. Alimkuta huko mfanyabiashara wa pwani aliyefika kabla yake, Juma bin Salum, ambaye watu walimjua kwa jina la Juma Merikani. Jina hilo peke yake ni somo la biashara. Merikani ni kitambaa cha pamba kilichoshushwa Zanzibar na meli za Salem, Massachusetts, na kikawa kama fedha katika njia zote za bara. Kwa maneno mengine, katikati ya karne ya 19 mtu aliyeishi ndani ya bara hili, karibu na mwanzo wa mto Lomami, aliweza kujifunga nguo iliyofumwa Marekani na kuvaa ushanga uliotengenezwa Ulaya. Tena hakuvaa ushanga wowote aliopewa. Wafanyabiashara wa misafara walijua kwa hasara kwamba kila nchi ilitaka rangi yake na ukubwa wake, na kwamba mzigo wa ushanga usiopendwa ulirudi kama ulivyokwenda. Aliyeamua ni mvaaji.

Kisha ikaja reli, nayo ndiyo iliyoufanya mji. Njia ya kampuni ya BCK kutoka Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilifika Bukama mwaka 1918, ikaendelea kaskazini-magharibi kupitia Kamina na Kasai hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, mwaka 1928. Baada ya vita vikuu vya pili Wabelgiji walijenga kambi kubwa ya kijeshi na uwanja wa ndege karibu na mji. Mwaka 1956 tawi la Kabalo likakamilika, na Kamina ikawa njia panda: kusini Lubumbashi na mpaka wa Zambia, magharibi Kasai, mashariki Kalemie na ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa Kigoma na reli ya Dar es Salaam. Mji uliokaa hapo hauwezi kuwa mji wa vitu vya nyumbani tu. Sabuni, vikwembe, poda, mashanuo ya plastiki, baadaye verni katika chupa ndogo, vyote vilishuka stesheni. Katika makambi ya wafanyakazi, utawala wa kikoloni na misheni walikuwa na mwili wao wa kufundisha. Vituo vya jamii vilivyoitwa foyer social viliwafunza wake wa wafanyakazi kushona, kufua, kupika na kulea kwa namna ya Kibelgiji. Mkono uliosifiwa hapo ulikuwa mkono wa sindano na sabuni, ukucha uliokatwa mfupi. Tusisahau hilo tunaposikia kwamba kucha fupi ndizo heshima ya asili. Huenda heshima hiyo ina umri wa reli.

Pingamizi la ugeni lina historia yake pia, na kwa muda lilikuwa sheria. Baada ya nchi kuitwa Zaire mwaka 1971, siasa ya uhalisi ya rais Mobutu ilikataza wanawake suruali, sketi fupi na mawigi, ikawataka wavae kikwembe. Nia ya kumrudishia Mwafrika heshima yake haikuwa mbaya, na wapo waliojivunia kwa dhati. Lakini tazama nguo iliyochaguliwa kuwa alama ya uhalisi. Kitambaa cha nta kilianza kama jaribio la viwanda vya Kiholanzi la kuiga batiki ya Java. Mojawapo, kampuni ya Vlisco ya Helmond, ipo tangu 1846. Kikwembe ni chetu, sikatai hata kidogo. Ni chetu kwa sababu wanawake wetu waliyapa maumbo yake majina, wakakifunga kwa namna yao, wakakifanya mahari, zawadi na maombolezo. Kilikuwa cha mbali, kikawa cha nyumbani kwa kazi ya mkono na ulimi. Anayekubali hoja hii kwa kikwembe atapata shida kuikataa kwa ukucha, isipokuwa kwa sababu moja tu: kwamba ukucha bado haujapata muda.

Akrijeli yenyewe, ukiifuata nyuma, inakupeleka kwa daktari wa meno. Plastiki ya akriliki iliingia katika utengenezaji wa meno ya bandia katika miaka ya 1930. Mwaka 1954 Frederick Slack, daktari wa meno wa Marekani, alivunjika ukucha kazini, akauziba kwa akriliki ya meno, akitumia karatasi ya bati kama kalibu. Kwa hiyo ufundi huu ulianza kama matibabu ya kidole kilichoumia, na urembo ulifuata. Mwaka 1975 wanawake wakimbizi wa Vietnam huko California walifundishwa kazi ya kucha kwa msaada wa mwigizaji Tippi Hedren, na kutoka kundi lile la watu wapatao 20 tasnia nzima ikageuka, ikawa riziki ya familia za wahamiaji kote Marekani. Akriliki ya kwanza ilikuwa ya unga na maji yenye harufu kali, ikiganda yenyewe hewani. Jeli ilikuja baadaye na taa yake. Akrijeli, iliyoenea katika miaka ya mwisho ya 2010, ni ndoa ya hizo mbili: unga umo ndani ya jeli, harufu imepungua sana, na uji unamsubiri fundi mpaka yeye mwenyewe awashe taa. Taa hiyo ya LED ni ndogo, nyingine huchajiwa kama simu. Katika nchi ambako waya mkubwa wa umeme wa Inga–Shaba, uliokamilika mwaka 1982, hupita kilomita 1,700 juu ya vijiji bila kuviwashia hata balbu, chombo kinachotosheka na betri kinapata njia pale ambapo kikausha nywele cha saluni kubwa hakikupata.

Ni hapa ndipo mnyororo wa zamani unapokatika. Mhunzi aliona chuma kikiiva. Fundi wa akrijeli haoni. Ukucha ukitoka chini ya taa huwa mgumu kwa juu hata kama ndani haujaganda, kwa sababu taa ni dhaifu, au haipatani na bidhaa, au tabaka limewekwa nene mno. Jicho halina la kusema, kidole hakina la kusema. Chembe ambazo hazijaganda huingia kwenye ngozi inayozunguka ukucha, na kwa baadhi ya watu mwili huzikataa: vidole huwasha, hupasuka, ukucha hunyanyuka kutoka mahali pake, wakati mwingine hata kope huvimba kwa kuguswa. Mzio huo ukishaingia kwa kawaida hauondoki. Na kwa kuwa ukoo wa kemikali ni mmoja, unaweza kumrudia mtu atakapozibwa jino. Plastiki iliyotoka kwa daktari wa meno inaweza kumfungia mtu mlango wa daktari wa meno. Fundi ndiye aliye hatarini zaidi kuliko mteja, kwani mteja huigusa mara moja kwa wiki tatu, naye huigusa kutwa.

Nchi nyingine zimejifunza polepole. Katika miaka ya 1970 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikwenda mahakamani kuzuia kucha zilizotengenezwa kwa methili-methakrileti, kimiminika rahisi kilichoharibu kucha za watu. Umoja wa Ulaya umeamuru kwamba bidhaa za kucha zenye HEMA, kemikali ya ukoo huo inayoleta mzio, zitumiwe na mafundi waliosomea tu, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 umepiga marufuku TPO, kemikali iliyosaidia jeli nyingi kuganda chini ya mwanga. Bidhaa iliyofungiwa soko moja hutafuta jingine, na Kamina iko mwisho wa njia ndefu inayopita bandarini, mpakani Kasumbalesa, Lubumbashi, kisha reli au lori. Ujuzi hausafiri kwa njia hiyo. Husafiri mzigo tu, na maandishi madogo ya Kiingereza au Kichina ambayo mnunuzi anayesoma Kifaransa na kusema Kiswahili na Kiluba hawezi kuyatumia.

Atasema mtu: basi hoja yako imejigeuza, kitu hiki ni kibaya, kiachwe. Sikubali. Chuma kiliunguza, chale zilioza zilipokatwa vibaya, na jibu la wazee halikuwa kuviacha. Lilikuwa kumweka mwanafunzi karibu na bwana wake kwa miaka. Atasema mwingine kwamba kucha ndefu haziwezi kutwanga mihogo wala kuchuma sombe. Lakini mwanamke mwenye nywele za saa 50 alilima pia. Mto wa mti ulibuniwa kwa ajili yake kwa sababu urembo na kazi vilipaswa kuishi katika mwili mmoja. Fundi mwenye akili hufanya vivyo hivyo: humwekea mama wa sokoni tabaka jembamba juu ya ukucha wake mfupi ili usipasuke. Kuhusu fedha, ni kweli mji ni maskini. Ni kweli pia kwamba mishahara ya reli ilipochelewa miezi na miezi, nyumba nyingi katika miji ya reli zilishikiliwa na biashara ndogo za wanawake. Kiti, taa na tyubu chache ni mtaji ambao mtu anaweza kuufikia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba nywele za Baluba zilisema kitu. Zilitambulisha cheo, ukoo, hali ya mwenye kichwa, na ukucha wa akrijeli hausemi chochote. Hili nalikubali kwa sehemu kubwa, na linaniuma. Maana haitoki dukani pamoja na kitu. Kauri nayo ilifika Kisale ikiwa kimya; waliowapambia maiti wao ndio walioipa sauti. Maana hiyo huja pale fundi anapokaa muda mrefu na kazi yake, anapoheshimiwa, anapokuwa na wanafunzi wa kumzidi. Wamisionari kama W.F.P. Burton, aliyefika nchi ya Baluba mwaka 1915, walipiga picha za mitindo ya nywele ilipokuwa bado vichwani, na picha hizo ni hazina. Wachongaji pia wanatafutwa: yule aliyechonga mito ya mti yenye wanawake wa nywele za ngazi, wanahistoria wa sanaa, kwa kukosa jina lake, wamemwita Bwana wa Nywele za Maporomoko. Amepewa jina kutokana na nywele alizoziona kwenye vichwa vya wanawake wa jirani zake. Waliozisuka nywele zile, saa 50 kwa kila kichwa, hawakupewa hata jina la kubuni.